Plato za mayai hazizuii sauti, na dhana nyingine kuhusu sinema ya chumba cha chini

Nikiitwa kuangalia chumba cha chini ambacho mwenye nyumba anataka kukigeuza kuwa sinema, mara nyingi harufu ya gundi hunipokea kwenye ngazi, na hapo najua tayari. Nikifungua mlango nakuta kuta tatu zimefunikwa kwa trei za mayai, zile tunazoita plato, zimepangwa vizuri na kupakwa rangi nyeusi. Ukuta wa nne umebandikwa vipande vya sponji ya godoro. Papa mwenye nyumba anasimama katikati, anapiga makofi mara mbili: "Fundi, unasikia? Mwangwi umekwisha. Sasa niambie kwa nini mama wa juu bado analalamika."

Hapa Bukavu vyumba hivi ni vingi kwa sababu ya milima yenyewe. Nyumba ya Nguba, ya Muhumba au ya Kadutu imekaa kwenye mteremko. Upande wa barabara unaona ghorofa moja, upande wa bonde unaona mbili, na chini kunabaki chumba ambacho nusu yake imezama mlimani. Zamani kilikuwa cha kuweka makaa na vitanda vibovu. Siku hizi watu wanataka kuweka projekta humo watazame mpira na filamu, na wanataka kufanya kazi yote wenyewe. Mimi nawaunga mkono. Kina giza, kina ubaridi, kelele za barabara hazikifikii. Ninachoomba ni kwamba mtu ajue anachokifanya kabla hajanunua gundi.

"Ukibandika plato au sponji, sauti haitoki"

Dhana hii imenichosha kuliko zote. Watu wanachanganya kazi mbili. Moja ni kutuliza mwangwi ndani ya chumba, ili maneno ya kwenye filamu yasikike vizuri. Ya pili ni kuzuia sauti isipite kwenda kwa wengine. Papa alipopiga makofi alikuwa akipima ile ya kwanza. Mama wa juu analalamikia ya pili.

Kofi ni sauti ya juu, mawimbi yake ni mafupi. Sauti ya hezi 2,000 (yaani mitetemo 2,000 kwa sekunde) ina wimbi la sentimita 17 hivi, kwa hiyo sponji ya sentimita 5 inaweza kulimeza kwa sehemu kubwa. Besi ya hezi 40, ule mngurumo wa mlipuko au wa gari kwenye filamu, ina wimbi la mita 8 na nusu. Ni refu kuliko chumba chenyewe! Linapita kwenye sponji kama vile hakuna kitu, linatikisa dari, na dari ndiyo sakafu ya mama wa juu. Yeye hasikii maneno ya filamu, anasikia kitanda chake kikitetemeka.

Sasa tazama uzito, maana uzito ndio unaozuia sauti. Ukuta wa matofali wa sentimita 20 uliopigwa plasta una zaidi ya kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Plato moja ya mayai 30 haifiki hata gramu mia. Ukifunika mita nzima ya mraba kwa plato umeongeza chini ya kilo moja kwenye kilo 300. Ili ukuta upunguze sauti kwa desibeli 6 zaidi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), uzito wake unapaswa kuongezeka karibu mara mbili. Hakuna idadi ya plato katika soko la Kadutu itakayokufikisha hapo.

Na kuta zenyewe hazikuwa na tatizo! Ukuta wenye mlima nyuma yake, sauti itaenda wapi? Watu wanabandika pale pasipovuja na kuacha panapovuja, yaani mlangoni na darini.

Chukua mlango wa upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2. Chini yake kuna mwanya wa sentimita moja, kama milango yetu mingi. Mwanya huo ni nusu ya asilimia moja tu ya mlango. Lakini hata mlango ungekuwa wa chuma kinene, kwa mwanya huo hutapunguza sauti kupita desibeli 23 hivi, wakati ukuta wa pembeni unapunguza karibu 50. Sauti ni kama maji kwenye mtumbwi: haihesabu mbao nzima, inatafuta ufa.

Kwa hiyo ninachowaambia wateja ni hiki. Usiku, washa taa ndani ya chumba, toka nje, funga mlango, zima taa za ngazini. Panapopita mwanga, panapita sauti. Zungusha mkono mahali hapo, utasikia na upepo. Kisha ondoa ule mlango wa tripleksi, yaani mbao nyembamba za kubandikwa, wenye uwazi ndani, weka mlango mzito wa mbao ngumu. Mbao ya libuyu ya unene wa sentimita 4 au 5 inatosha kabisa. Nunua chemba kuukuu, ule mpira wa ndani wa tairi la gari, ikate mikanda, ipigilie kuzunguka fremu ili mlango ukifungwa uubane mpira. Weka kizingiti chini, nacho kikae kwenye mpira. Kazi hiyo ni ya siku moja, na nimeona ikituliza ugomvi ambao vyumba vizima vya plato vilishindwa kuutuliza.

Dari ni kazi ngumu zaidi. Kama juu yako kuna zege, una bahati, ziba tu matundu ya mabomba na nyaya kwa simenti. Kama juu ni mbao, anza kwa kuziba nyufa zote. Halafu tundika dari ya pili chini yake, tabaka mbili za bodi za jipsamu, viungo vya tabaka moja visikutane na vya nyingine. Dari hiyo usiipigilie moja kwa moja kwenye mihimili ya sakafu ya juu. Ishikiliwe na fremu yake iliyokaa kwenye kuta, au iwe na mpira kati yake na mihimili, kwa sababu mbao ikigusa mbao mtetemo unapita kama kwenye ngoma. Acha uwazi wa sentimita 10 au zaidi katikati, uujaze sufu ya mawe, ile inayofanana na pamba lakini ni nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa. Hata ukifanya yote haya, besi ya saa sita za usiku itapungua, haitakwisha. Fundi anayekuahidi itakwisha, usimlipe.

Sasa niseme jambo linalonifanya nishindwe kunyamaza nikiona sponji ukutani. Sponji ya godoro ni poliyurethani. Inashika moto kwa sekunde chache, inadondosha matone yanayowaka, na moshi wake una sianidi. Februari 2003, katika ukumbi wa muziki uitwao The Station huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, sponji ilikuwa imebandikwa ukutani kwa sababu majirani walilalamikia kelele. Fataki za jukwaani ziliiwasha, na watu 100 walikufa. Januari 2013 huko Santa Maria, Brazili, katika klabu ya Kiss, fataki zilifikia sponji ya darini, wakafa watu 242, wengi wao vijana wanafunzi. Wengi waliuawa na moshi.

Wewe huna fataki. Una mshumaa umeme unapokatika, una waya uliounganishwa kwa mkanda, una spika inayopata moto nyuma ya pazia, na una mlango mmoja wenye ngazi nyembamba. Mwaka jana nilikata kipande cha sponji cha ukubwa wa kiganja kutoka ukuta wa mteja, nikakipeleka uani, nikakiwasha mbele yake. Hakusema neno. Aliingia ndani akaanza kung'oa kwa mikono yake, na watoto wakamsaidia. Plato nazo ni karatasi kavu, siwezi kuzisifu kwa lolote.

Mwangwi unatulizwa kwa vitu vya kawaida: zulia zito, makochi ya kitambaa, pazia nene lenye mikunjo mingi, rafu ya vitabu ukuta wa nyuma. Ukitaka zaidi, tengeneza fremu za mbao zenye sufu ya mawe ya sentimita 10, maana sufu hiyo haiungui, uzifunike kwa kitambaa. Weka kitambaa mdomoni, upulize. Hewa ikipita kinafaa, isipopita kinarudisha sauti. Vitenge vingi vyenye nta vizito havipiti mtihani huu, samahani kwa akina mama waliokwisha kununua. Fremu sita zinatosha chumba cha mita 4 kwa 5: mbili kila upande, pale ambapo ukiwa umekaa kwenye kochi ungeiona spika kama ukuta ungekuwa kioo, na mbili nyuma yako.

"Rangi ya kuzuia maji inamaliza unyevu"

Haimalizi. Mvua yetu inaanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na maji ya mlima yanausukuma ukuta kutoka nyuma. Rangi iliyopakwa upande wa ndani inasukumwa nayo, inavimba na kubanduka, na ile chumvi nyeupe inatokea tena. Dawa iko nje: mfereji wenye changarawe nyuma ya ukuta, na maji ya bati yapelekwe mbali na msingi. Kabla ya kazi yoyote, bandika karatasi ya nailoni ya nusu mita ukutani kwa mkanda pande zote nne, uiache siku mbili. Ukiona maji nyuma ya nailoni, ukuta unapitisha maji. Ukiona maji juu ya nailoni, ni mvuke wa chumba, na hapo unahitaji hewa. Mimi sifungi projekta kwenye chumba ambacho hakijapita msimu mmoja wa mvua kikiwa kikavu.

"Tuchimbe kidogo ukutani tupate nafasi ya skrini kubwa"

Hapana. Ukuta huo umebeba nyumba na umezuia mlima. Waliokuwa hapa Februari 3, 2008 wanakumbuka tetemeko lile la kipimo cha 5.9. Punguza skrini. Ukikaa umbali wa mita 3, skrini ya inchi 90 au 100 inakutosha.

"Spika hizi zina wati 5,000"

Geuza ampli, soma kibandiko cha nyuma kinachosema inakula wati ngapi. Kama inakula 150, haiwezi kutoa zaidi ya hizo kwa mfululizo, hata boksi liandike nini. Tena ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada. Fedha hiyo nunua stabilizateri nzuri, kile kifaa cha kutuliza umeme, kwa kuwa volti zetu zinapanda na kushuka na projekta haipendi kuzimwa ghafla taa yake ikiwa bado ya moto.

Kuhusu besi, usiweke spika yake kwenye kona kwa sababu tu pana nafasi. Iweke juu ya kochi unapokaa, piga muziki wenye besi iliyotulia, wewe tembea kwa magoti ukifuata kuta. Mahali ambapo besi inasikika sawasawa bila kuvimba, hapo ndipo pa kuiweka.

"Kiyoyozi au feni inaleta hewa"

Hii naiweka mwisho, lakini isomeni vizuri. Feni inazungusha hewa ileile. Kiyoyozi cha ukutani kinapoza hewa ileile. Mkiwa watu wanane katika chumba mlichokiziba kwa sababu ya sauti, kichwa kinaanza kuuma kabla filamu haijafika nusu. Lazima kuwe na njia mbili za hewa, moja chini ya kuingizia, moja juu ya kutolea yenye feni ndogo. Ili sauti isizifuate, pitisha hewa kwenye sanduku refu la mbao lenye kona mbili au tatu, ndani limewekwa sufu ya mawe. Hewa inapinda, sauti ya juu inachoka njiani.

Nimekuta pia watu wanaokausha plasta kwa kuwasha mbabula, yaani jiko la makaa, na kufunga mlango, na wengine wanaoweka jenereta kwenye ngazi ili isiibiwe. Makaa na jenereta vyote vinatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasinzia, haamki. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, ifungwe kwa mnyororo.

Na ndugu zangu wa Goma wanaonipigia simu wakitaka chumba kama cha shemeji yao wa Bukavu: kwenu kuna mazuku. Ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini kwenye nyufa za miamba ya volkano, hasa magharibi mwa mji kando ya ziwa, kuelekea Bulengo na Lac Vert. Ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inajikusanya mashimoni na kwenye vyumba vya chini, na inazidi usiku upepo ukitulia, saa zilezile za kutazama filamu. Wengi wananiambia watashuka na mshumaa, usipozimika basi hewa ni salama. Mshumaa unaendelea kuwaka gesi hiyo ikiwa asilimia 4, na kiwango hicho tayari kinahatarisha maisha ya mtu. Feni haitoshi, rangi haitoshi, nailoni chini ya zulia haitoshi. Kama parsele yako, yaani kiwanja chako, iko katika ukanda huo, sinema iweke chumba cha juu chenye madirisha, na nitakuja kukufungia mapazia mazito mimi mwenyewe.