Maana ya kituo cha biashara cha mpakani: Bent's Fort katika Njia ya Santa Fe

Kituo cha biashara cha mpakani, kwa maana iliyotumika Marekani katika karne ya 19, ni mahali palipojengwa na wafanyabiashara binafsi mbali na makazi ya walowezi, ili misafara ya magari ya kukokotwa na maksai au nyumbu ikutane na wenyeji wa nchi ile kwa kubadilishana bidhaa. Wengi hukichanganya na ngome ya jeshi, kwa kuwa vyote viliitwa kwa jina hilohilo la Kiingereza, "fort" (ngome), na vyote vilizungushiwa kuta. Hata hivyo, ukuta wa mfanyabiashara ulikuwa wa kulinda shehena na mifugo, na usalama wake hasa ulitokana na maelewano na majirani.

Bent's Fort kinaonyesha jambo hili vizuri. Kilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi mwaka 1833 na ndugu wawili, Charles na William Bent, pamoja na mshirika wao Ceran St. Vrain, kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Arkansas, mahali ambapo leo ni kusini-mashariki mwa Colorado. Ng'ambo ya mto ilikuwa Meksiko, hivyo kituo kilikuwa mpakani kweli. Njia ya Santa Fe, iliyofunguliwa kwa biashara mwaka 1821, ilianzia Missouri na kwenda kilomita 1,400 hivi hadi mji wa Santa Fe, uliokuwa Meksiko wakati huo. Hewa kavu ya nyika ilisinyaza mbao za magurudumu hadi pete ya chuma ikalegea. Kwa msafiri aliyefika na gurudumu la namna hiyo, hapakuwa na mtu wa thamani kituoni kuliko mhunzi.

Biashara kubwa ilikuwa ngozi za nyati zenye manyoya. Wanawake wa Kicheyenne na Kiarapaho, makabila ya wenyeji wa nyika hiyo, walizikwangua, wakazipaka ubongo wa mnyama na kuzifikicha hadi zilainike, kazi ya siku nyingi ambayo haistahili kusahauliwa, kwa kuwa utajiri wa kituo ulitoka mikononi mwao. Ngozi zilishindiliwa kuwa marobota na kupelekwa mashariki. Wenyeji walipata blanketi, shanga, vyungu vya chuma, bunduki na baruti. William Bent alimwoa Owl Woman, binti wa White Thunder, mtunzaji wa mishale mitakatifu ya Wacheyenne, na ukwe huo uliipa biashara dhamana ambayo kuta zisingeweza kuitoa.

Mwaka 1846 jeshi la Marekani lililokwenda kuiteka New Mexico lilikusanyika hapo, na wanyama wake wakamaliza malisho. Mwaka 1849 kipindupindu kiliwaua Wacheyenne wengi, na William akakihama kituo mwaka huohuo. Jengo linaloonekana leo lilijengwa upya mwaka 1976, kwa kufuata vipimo na michoro ya Luteni James Abert, aliyelazwa hapo kwa ugonjwa mwaka 1846 wakati wenzake wakiendelea na safari ya vita.