Piritoni si dawa ya kwanza mtu akipata mzio mkali baada ya sindano

Wengi huamini kwamba mtu akivimba uso au kubanwa pumzi baada ya chanjo, au baada ya sindano za kuzoesha mwili mzio, apewe piritoni (dawa ya kutuliza mzio) au haidrokotisoni (dawa ya kupunguza uvimbe) kwanza, na sindano ya adrenalini isubiri hali iwe mbaya. Ni kinyume. Piritoni hutuliza mwasho na vipele tu. Haipandishi presha wala haifungui njia ya hewa. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kufanya kazi, na mgonjwa hana saa hizo.

Adrenalini ndiyo ya kwanza: ile yenye miligramu 1 katika kila mililita 1 ya dawa, kipimo cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Ikichomwa chini ya ngozi ya mkono huingia kwenye damu polepole. Hali isipobadilika ndani ya dakika 5 hadi 15, rudia.

Mlaze chali, miguu juu. Anayebanwa pumzi akae. Kumsimamisha ghafla kunaweza kumuua.

Usichanganye na kuzimia kwa woga wa sindano: hapo mapigo huwa ya polepole, ngozi hupauka bila vipele, na akilala huzinduka upesi.

Ndiyo maana mtu husubirishwa dakika 15 baada ya chanjo, na 30 baada ya sindano ya mzio. Kadi ya chanjo kujazwa si ruhusa ya kuondoka.