Dubstep na rimiksi zake: muziki usio na toleo la mwisho

Aliyeijua dubstep kupitia video za mtandaoni atakuambia ni ule muziki wa besi inayokoroma kama trekta bovu. Hajakosea sana, ila alikutana nayo ikiwa imeshatoka kwao. Kwao ni kusini mwa London, hasa Croydon, ambako ilianza kuchipuka kati ya mwaka 1999 na 2002 hivi. Kwa miaka kadhaa ilikuwa mali ya watu wachache waliojuana kwa sura.

Mzazi wake wa karibu ni UK garage, muziki wa klabu uliotamba Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990. Maprodyuza kama El-B na kundi la Horsepower Productions waliupunguzia uimbaji na madoido, wakabakiza ngoma zinazorukaruka na besi nzito. Skream na Benga, waliokuwa bado vijana wadogo, walipunguza zaidi. Kasi ilitulia kwenye mapigo 140 hivi kwa dakika, lakini sneya, ile ngoma yenye mlio mkali, ikahamia kwenye pigo la tatu katika kila mapigo manne. Matokeo yake sikio linahesabu 70. Muziki unakimbia na kutembea kwa wakati mmoja, na mchezaji anachagua mwenyewe afuate mwendo upi.

Nafasi iliyobaki wazi kati ya ngoma ndiyo makao ya besi. Hapa tunazungumzia sauti za hezi 60 (mitetemo 60 kwa sekunde) kushuka chini, ambazo spika ya simu haina uwezo wa kuzitoa. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, hivyo linataka spika kubwa, na likipigwa kwa nguvu mwili hulihisi kifuani. Ndiyo maana dubstep haikuanza kama muziki wa kusikilizwa nyumbani. Ilihitaji ukumbi kama Plastic People, klabu ndogo yenye giza huko Shoreditch ambako usiku wa FWD ulikuwa ukifanyika, au DMZ, usiku ulioanzishwa Brixton mwaka 2005 na Mala, Coki na Loefah.

Kuhusu rimiksi, yaani wimbo uliopo unaotengenezwa upya, inabidi kwanza twende Jamaika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, watu wa saundi sistimu, yaani disko za spika kubwa zinazohamishika, waligundua kuwa wimbo uliotolewa sauti ya mwimbaji unachangamsha umati kuliko wenyewe ulio kamili, kwa sababu umati unaimba wenyewe. Fundi wa umeme aliyeitwa King Tubby akalichukua jambo hilo mbali zaidi. Alikaa kwenye meza yake ya kuchanganyia sauti, akazima gitaa hapa, akarudisha kipande cha sauti pale, akakiacha kipotelee kwenye mwangwi. Wimbo uleule ukawa kitu kingine, na hicho kingine ndicho kilichoitwa dub. Kwa hiyo kwa ukoo huu rimiksi ni njia ya kutunga. Kuichukulia kama pambo la wimbo uliokwisha kukamilika ni kuanza na mguu usio wake.

Uhamiaji kutoka Karibiani uliufikisha utamaduni huo Uingereza, na pamoja nao ikaja dabpleti. Hii ni sahani ya alumini iliyopakwa utandu laini, inayochongwa moja moja kwa mashine. Watu wa dubstep walikuwa wakipeleka kazi zao Transition, studio ya kusini mwa London, wanatoka na sahani ambayo hakuna mwingine anayo. Utandu wake ni laini kiasi kwamba kila sindano inapopita inakwangua kidogo. Sauti za juu hufifia kwanza, halafu kelele za mikwaruzo zinaingia, na baada ya kupigwa makumi ya mara sahani imechoka. Ni kitu cha gharama ambacho kinakufa kwa kutumika.

Sasa fikiria hilo linafanya nini kwa mji. Wimbo upo kwenye mkoba wa DJ mmoja au wawili, dukani haupo, na huenda ukakaa mwaka mzima kabla ya kutolewa. Ukiutaka, nenda anakopiga, au utege redio isiyo na leseni kama Rinse FM ilivyokuwa kabla ya kuhalalishwa mwaka 2010. Umati ukipiga kelele, DJ anarudisha sahani mwanzo. Prodyuza naye anasimama pembeni anasikiliza, na wiki ijayo anakuja na toleo jingine la wimbo wake mwenyewe, besi imebadilishwa. Toleo la namna hiyo wenyewe wanaliita VIP. Pia ipo rimiksi rasmi, ambapo lebo inakutumia kila ala kwenye faili lake na kukulipa, na ipo ya magendo, ambapo mtu anachomoa sauti ya msanii maarufu bila kumuuliza mtu yeyote. Kisheria hiyo ya mwisho ni kosa. Klabuni mara nyingi ndiyo inayoangusha ukumbi, na sidhani kama kuna DJ wa fani hii ambaye hajawahi kuwa nayo mkobani.

Bristol ilikuwa na hazina yake tayari. Ni mji wenye saundi sistimu za Wakaribiani na ndiko walikotoka kundi la Massive Attack, ambao albamu yao ya mwaka 1994 ilifanyiwa dub na prodyuza Mad Professor mwaka uliofuata. Dubstep ilipofika huko haikuonekana ngeni. Pinch alianzisha lebo ya Tectonic mwaka 2005, na Peverelist akaanzisha Punch Drunk kwa ajili ya maprodyuza wa mji huo. Baadaye Joker, Gemmy na Guido wakaja na sauti za sintesaiza zenye rangi nyingi, zinazokumbusha michezo ya video ya zamani. Mapigo ni yaleyale 140, lakini ukiwa na sikio lililozoea hutaichanganya Bristol na Croydon.

Rimiksi iliyofungua mlango kwa watu wa nje ni ile ya Skream kwa wimbo wa La Roux, “In for the Kill”, mwaka 2009. Kwa muda mrefu ndani yake ngoma hazipo. Kuna sauti ya mwimbaji na besi pana, mpaka unaanza kudhani ngoma zimesahaulika, kisha mwishoni zinaingia kwa mbio za jungle, muziki wa Uingereza wenye ngoma za kasi. Baada ya hapo kampuni za muziki wa pop zikataka kila wimbo uwe na rimiksi ya dubstep. Nyingi zilikuwa wimbo uleule uliobandikiwa mkoromo katikati, na mkoromo huo ndio Marekani ilioupenda na kuukuza. Kipimo changu ni kimoja: kama ukiutoa mkoromo unabaki na wimbo wa asili ulivyokuwa, basi hakuna aliyeufanyia kazi.