Ritifaa ya Kiingereza si ile ya ng'ombe

Toa ritifaa kwenye "ng'oa" ubaki na "ngoa". La kwanza ni kazi ya mwenye muhogo wake shambani, la pili ni wivu wa kumlilia mwenzio alichonacho. Maana mbili, sauti mbili, na kinachozitenga kwenye karatasi ni kialama kimoja tu. Tumelelewa hivyo, ndiyo maana tukifika kwenye Kiingereza tunaitazama ritifaa kama herufi.

Dhana ya kwanza basi: ritifaa ndiyo inayobadili matamshi. Mtu anaona "well" na "we'll", anasikia wel na wiil, anasema ni ile alama iliyovuta sauti. Sivyo. "We'll" ni "we" na "will" zilizobanwa, na ritifaa inashika nafasi ya herufi zilizodondoka. Kama ingekuwa na sauti, "its" na "it's" zingetofautiana. Hazitofautiani hata chembe. "Boys", "boy's" na "boys'" ni maandishi matatu, tamko moja, na wenye lugha yao huyachanganya kila siku wanapoandika.

Tena mahali sauti inapobadilika kweli, ritifaa imenyamaza. "Do" ni du, "don't" ni dount. Ile s ya umiliki ni s kwenye "cat's", z kwenye "dog's", iz kwenye "boss's", na alama ni ileile. Linalonichekesha zaidi ni "singer" na "finger": la kwanza lina ng' yetu ya ng'ombe, la pili lina ng ya ngoma, na Mwingereza hakuweka alama popote.

George Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia, aliandika "dont" na "wont" bila ritifaa. Kwenye maneno yaliyobanwa hivyo aliibakiza pale tu ambapo kuitoa kungezaa neno jingine, kama "he'll" kugeuka "hell". Aliitumia kwa ajili ya jicho.

Baada ya hapo wapo wanaorukia upande wa pili: alama zote ni pambo. Hao wasome habari za michezo. Mchezaji aki-"resign", rizain, ameacha kazi. Aki-"re-sign", rii-sain, ametia saini mkataba mpya. Kistari kinamwonyesha msomaji kiambishi kinapoishia, na ulimi unafuata. Vivyo hivyo "coop", kuup, ni banda la kuku, na "co-op", kou-op, ni ushirika.

Mkato nao tuliambiwa darasani ni mahali pa kuvuta pumzi. Chanzo kipo: miaka 200 hivi kabla ya Kristo, Aristophanes wa Byzantium, mkutubi wa Alexandria, aliweka nukta za kumsaidia anayesoma kwa sauti. Ila mkato wa Kiingereza cha leo hufuata zaidi sarufi. "Yes, sir" ina mkato, na askari huitamka kwa mkupuo mmoja.

Alama ya kuuliza pia haiamuru sauti ipande. Kwetu "Unakaa hapa" huwa swali kwa kupandisha tu, na "Do you live here?" kwa kawaida hupanda vilevile. Lakini "Where do you live?" kwa kawaida hushuka mwishoni. Ukiipandisha, mwenyeji anaweza kudhani hukumsikia vizuri, akakurudia jibu alilokwisha kukupa.