Star Seller ya Etsy: beji moja, hesabu mbili tofauti

Star Seller ni beji ya zambarau yenye nyota ambayo Etsy hulitunuku duka lililofikia viwango vyake vya huduma. Etsy yenyewe ni soko la mtandaoni la Marekani, lilianzia Brooklyn mwaka 2005, na huuzwa humo vitu vya kazi ya mikono, vitu vya zamani vilivyotimiza miaka 20, na vifaa vya ufundi. Maduka mengi humo ni ya mtu mmoja: huyohuyo anashona, anapiga picha, anajibu meseji na kupeleka mzigo posta. Beji ilipoanza mwaka 2021, mtu huyo alijikuta anapimwa kwa rula moja na duka lenye wafanyakazi.

Kwanza duka liwe limetimiza siku 90 tangu lilipouza mara ya kwanza, na katika miezi mitatu inayopimwa liwe na oda zisizopungua 5 na mauzo yasiyopungua dola 300. Hapo ndipo vipimo vitatu vinaanza. Meseji ya kwanza ya kila mazungumzo mapya ijibiwe ndani ya saa 24, kwa asilimia 95. Mizigo itoke kwa wakati, ikiwa na namba ya ufuatiliaji au lebo ya posta iliyonunuliwa Etsy, nayo kwa asilimia 95. Wastani wa nyota za wateja usishuke chini ya 4.8. Kila tarehe 1, mfumo hutazama miezi mitatu iliyopita, ukatoa beji au ukaivua.

Kwa kuangalia juu juu, asilimia 95 ni haki kwa wote. Chukua karatasi upige hesabu. Duka lililotuma oda 200 likichelewesha 10, bado lina 95 kamili na beji iko palepale. Duka lililotuma oda 12 likichelewesha moja tu, limeshuka hadi 91.7. Kwa maneno mengine, aliye na oda chini ya 20 katika miezi mitatu haruhusiwi kosa hata moja, na kwenye meseji ni vivyo hivyo. Masharti yanasema 95. Kwa mdogo yanamaanisha 100.

Nyota nazo zina hesabu yake. Mteja mmoja akikupa nyota 4, unahitaji uwe na jumla ya tathmini 5, nyingine zote zikiwa za nyota 5, ili ubaki kwenye 4.8. Akikupa 3, unahitaji 10. Akikupa 1, unahitaji 20. Na wateja wengi hawaandiki chochote, kwa hiyo tathmini 20 zinaweza kukuchukua msimu mzima. Sheria ya mwanzo ilikuwa kali zaidi: asilimia 95 ya tathmini zilipaswa kuwa za nyota 5, kwa hiyo nyota 4, ambayo mteja huitoa akijua anakusifu, ilikuwa inahesabiwa kuwa umefeli. Etsy ilibadili hilo baada ya malalamiko.

Kosa likishaingia halitoki upesi. Oda uliyochelewesha Machi itaonekana katika hesabu ya Aprili 1, ya Mei 1 na ya Juni 1. Ni Julai 1 ndipo inaachwa nyuma. Kwa mwenye oda chache, mzigo mmoja umekula beji tatu.

Kinachochosha zaidi kila siku ni meseji, kwa sababu saa 24 hazijui Jumapili wala msiba. Kwenye mizigo, anayeumia ni muuzaji wa vitu vyepesi. Seti ya kadi za dola 12 inaingia kwenye bahasha ya kawaida na kufika salama, lakini bahasha ya kawaida haina ufuatiliaji. Pale ambapo Etsy haiuzi lebo za posta, hana budi kulipia huduma ya kufuatiliwa, na gharama hiyo ama inakula faida ama inampandishia mteja bei.

Na beji inaleta nini? Inaonekana dukani, na mnunuzi anaweza kuchuja aone maduka yenye nayo tu. Makato hayapungui hata senti. Hapo eBay, soko jingine la mtandaoni, ina uungwana kidogo: muuzaji wake wa daraja la juu, bidhaa zake zikitimiza masharti ya kutuma haraka na kupokea marejesho, hupunguziwa asilimia 10 ya kamisheni. Basi Etsy ilipopandisha makato ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5, Aprili 11, 2022, wauzaji waligoma kwa wiki moja, na moja ya madai yao ilikuwa Star Seller ifutwe. Haikufutwa.

Anayeitaka beji aanze na muda wa kuandaa oda, kwa sababu huo anaupanga mwenyewe. Kama kikapu kinakuchukua siku 3, andika siku 5 hadi 7; tarehe ya mwisho ya kutuma inatokana na ulichoandika, na mteja akipokea mapema hakuna anayelalamika. Kwenye meseji, kinachosimamisha saa ni jibu lako la kwanza, hata likiwa fupi: "Nimeipata meseji yako, kesho nitakupa vipimo." Lihifadhi kwenye majibu ya haraka ya simu ulitume hata ukiwa kwenye foleni ya posta. Meseji za matapeli ziweke alama ya taka, usiziache zikae. Na mteja mwenye shida, mtatulie kabla hajagusa nyota. Akishatoa 1 lakini ukaimaliza shida yake, mwombe kwa adabu aangalie upya, maana tathmini inaweza kuhaririwa ndani ya siku 100.

Mwenye oda 6 kwa miezi mitatu, zote za bahasha, apige hesabu ya ufuatiliaji kwanza. Mara nyingi atagundua kwamba beji inamgharimu kuliko inavyomwingizia, na kuiacha hakumfungii duka.