Ziwa Liko Mwanza, Mvua Iko Bukoba: Tunayodanganyana Kuhusu Mvua na Shamba

Mtu wa Mwanza akilalamikia ukame huonekana anadeka. Ziwa Victoria lenye karibu kilomita za mraba 68,800 limelala mbele yake, halafu anasema mahindi yanakauka? Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na mimi niliiamini miaka mingi, mpaka nilipopata kishamba Misungwi.

Ziwa kweli hutengeneza mvua, ila haliitengenezi kwa ajili yako. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa yake hupanda, upepo wa ziwani huingia kushika nafasi, na mawingu hujijenga bara, mbali kidogo na ufuko. Ndiyo maana saa tisa alasiri unaweza kusimama Capri Point jua linakuchoma, huku upande wa Kwimba kumetanda weusi. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na uvuguvugu wake, pepo zinatoka kila upande kuelekea ziwani, zinakutana na kupanda. Hapo ndipo zinapozaliwa zile radi za alfajiri, ambazo mvuvi wa dagaa hahitaji kusimuliwa na mtu. Na kwa kuwa upepo mkuu hutoka mashariki, mawingu hayo husukumwa ng'ambo. Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, Mwanza mjini kama nusu yake. Ziwa ni hilohilo, lakini kule migomba, huku mtama na pamba.

"Basi si uvute maji kwa pampu?" Vuta, kama una hela ya mafuta ya kuyapandisha mlimani kila siku. Kulima ukingoni kabisa nako hakuruhusiwi: sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka majini. Na waliolima humo kwa kuiba iba, mwaka 2020 ziwa lilipofurika walivuna matope.

Dhana ya pili imenigharimu mwenyewe: kwamba mvua ya kwanza ndiyo ya kupandia. Mwaka mmoja ilipiga wiki ya kwanza ya Oktoba, usiku mzima. Asubuhi udongo unanukia, majirani wameshafunga ng'ombe kwenye plau. Nikapanda mahindi ekari nzima. Yalichomoza vizuri, majani mawili, matatu, kisha likaja jua la zaidi ya wiki mbili. Nilipochimba, jembe lilikuta vumbi kabla hata halijazama vizuri. Mzee wa shamba la pili akapita, akasimama kidogo, akasema, "Mwanangu, ulipanda juu ya mate."

Ukweli ni kwamba mbegu haijali ulisikia mvua muda gani; inajali unyevu umefika wapi. Siku hizi nachimba kwanza. Kama udongo wa chini, kina cha viganja viwili, haushikani ukiufinyanga, nasubiri, hata wakinicheka. Luseni, ule mchanga wa miinuko, hulowa upesi na kukauka upesi. Udongo mweusi wa mbugani unataka mvua nyingi zaidi kabla haujaanza kumpa mmea chochote, lakini ukishashiba hudumu.

Kuna wanaoamini kuwa mvua nyingi ni mavuno mengi. Hesabu ndogo: milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 10 kwenye ekari ni kama lita 40,000. Zikija kwa nusu saa, nyingi hukimbilia bondeni na mbolea yako juu. Mahindi yanaweza kuridhika na milimita 500 au zaidi kidogo msimu mzima zikigawanyika vizuri, lakini yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, utabeba magunzi hata kama jumla ya mvua ilikuwa kubwa. Mwenye majaruba ya mpunga atafurahia gharika; mwenye pamba iliyofunguka atalia. Kwenye mteremko, matuta yaliyofungwa kwa vituta vidogo katikati hushika maji palepale. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kilishayafanyia utafiti tangu enzi za mkoloni, na bado tunalima matuta yanayoelekea chini kama mifereji.

Mtama eti ni chakula cha njaa? Mtama ukibanwa na jua hujikunja na kusimama, mvua ikirudi unaendelea. Mahindi hayana uvumilivu huo. Wanaodharau ugali wa mtama nawakuta Februari wanaulizia bei yake.

La mwisho, lawama kwa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: "Walisema wastani, kwangu haikunyesha." Utabiri wa msimu unazungumzia kanda na miezi, na "wastani" ni hesabu ya miaka mingi. Hauwezi kujua wingu litamwaga upande gani wa barabara. Unakusaidia kuchagua mbegu ya muda mfupi au mrefu. Siku ya kupanda utatazama utabiri wa siku chache na udongo wako. Mimi nina kipimo cha mvua juu ya nguzo, na shemeji yangu anacho chake, kilomita tano hivi kutoka kwangu. Juzi tulipigiana simu asubuhi: kwake milimita 31, kwangu 4. Aliniuliza kama nimeshapanda.