Chokaa sio dhaifu, simenti ndo inaua nyumba yako

Kila mwenye nyumba ya Kihindi pale Mji Mkongwe akinipigia simu ni neno lilelile, "fundi lipu inabomoka, tupige simenti iwe imara". Jamani nimechoka, naandika mara moja tumalizane.

Simenti ni ngumu, hakuna anayebisha, lakini ukuta wa mawe na chokaa hauna shida na ugumu, una shida ya kupumua. Kuta hizi hazina nailoni ya kuzuia maji chini kwa hiyo unyevu unapanda toka ardhini muda wote na chokaa inauachia utoke taratibu, sasa ukishaziba kwa simenti maji yanabaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kulisukuma jiwe mpaka linamomonyoka. Gonga ukuta kwa kidole, ukilia kama debe tupu ujue lipu imeshaachana na jiwe, ibandue uone unga mweupe nyuma yake. Halafu fundi anakuja kupiga simenti nyingine juu!

Na Wahindi wenyewe walishaingia mkenge huo. Kaburi la Humayun, mfalme wa zamani wa India, pale Delhi ni la karne ya 16, karne ya 20 watu wakalirundikia zege kwenye paa. Shirika la Aga Khan na idara ya mambo ya kale ya India walipolikarabati, kazi iliyoisha 2013, waliteremsha zaidi ya kilo milioni 1 za zege kwenye hilo paa wakarudishia chokaa. Kilo milioni 1, paa la mtu!

Wengine wananiambia "chokaa haiwezi maji." Inaweza, changanya na surkhi, yaani matofali ya kuchoma yaliyosagwa, inaganda hata penye unyevunyevu. Sukari guru wanayotia mafundi wa kule nayo sio uchawi, inalainisha mchanganyiko na kuuchelewesha kukauka. Ila chokaa iloweke mapema, ikae shimoni miezi, sio unaifungua asubuhi jioni unapaka.

Jali, yaani vile viwambo vya matundumatundu vya Kihindi, nazo watu wanasema urembo tu. Angalia Hawa Mahal, jumba la Jaipur kule India la 1799, ukuta mzima ni vidirisha, wanawake wa jumba la mfalme waliangalia barabarani bila kuonekana na upepo unapita humohumo. Nyie mnaziba kwa vioo alafu mnaniuliza mbona ndani joto.



Rangi ya plastiki ni simenti ya pili, tumia chokaa ya kupaka. Na kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa chochote panda juu uangalie mifereji ya paa, nyumba nyingi ninazoitiwa lipu tatizo ni mfereji umeziba majani.